Spika haijafa, jamani

Wadau, Jumamosi bendi ya washkaji ilisimama nusu saa: spika ya besi kimya. Fundi akahukumu papo hapo, "imeungua, nunueni nyingine." Hela yenyewe ya kuchangishana! Mimi nasema fundi asiyepima anatuibia tu. Waya wa akiba hatukuwa nao, basi tukazima amplifaya, tukachomoa spika, tukagusisha betri ya volti 9 kwenye ncha zake mara moja. Koni ikaruka, "pu!" Koili nzima. Mita nayo ikasoma karibu omu 6, kawaida kabisa kwa spika ya omu 8. Ingekuwa imekatika isingesoma kitu. Kumbe waya ulikatikia kwenye jeki. Tukauchomelea, besi ikarudi. Fundi? Alishaondoka na nauli yake.