Mapazia ya Nyumba Zetu: Sitara au Fakhari?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, siku ambazo waliotutangulia walizitumia kuutafuta usiku wa Lailatul-Qadri, sisi watu wa Tarime na Serengeti huzitumia kutafuta nguo za madirisha. Misafara huelekea Sirari mpakani, na wa Mugumu humngojea mchuuzi awafikishie marobota. Dirisha moja hununuliwa kitambaa cha kutosha madirisha matatu, ili kikunjwe mikunjo, kining'inizwe vishada na kufungwa kamba za rangi ya dhahabu. Nyuma yake hutiwa pazia jingine jepesi la wavu, na juu hupitishwa kipande cha tatu kisichofunika chochote. Tumeuliza mara nyingi kipande hicho cha juu kinasitiri nini. Hatujajibiwa.

Tuseme wazi kabla hatujasingiziwa: hatukusema kwamba pazia ni haramu. Katika Hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.), mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana kichanio mkononi akijikunia kichwa. Alimkemea kwa ukali, na akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Nyumba za zamani za huku zilikuwa na madirisha madogo. Leo tunajenga kwa matofali, tunaacha madirisha mapana na kuyatia vioo. Basi haja ya sitara imezidi. Anayelifunika dirisha lake ili jicho la mpita njia lisiwafikie ahli zake amefanya jambo jema, hata akilifunika kwa kanga kuukuu.

Lakini yatazameni mapazia yetu usiku. Taa zinawaka, pazia zito limevutwa pembeni na kufungwa ili mikunjo yake ionekane, umebaki ule wavu. Aliyeko njiani anamwona mama wa nyumba kichwa wazi, na mama hamwoni anayemtazama. Na upande wenye maua umeelekezwa nje! Fedha imetoka, na sitara haikupatikana.

Imamu Muslim amepokea kwamba bibi Aisha (r.a.) alitundika kitambaa mlangoni. Mtume (s.a.w.) aliporejea safarini akakiona, chuki ikadhihirika usoni mwake, akakivuta mpaka kikachanika, akaeleza kuwa Allah hakutuamrisha kuvisha mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata mito miwili, akaijaza makumbi ya mtende, wala Mtume hakumlaumu kwa hilo. Hapa ndipo wanapoteleza baadhi ya vijana wetu, ambao tunawapenda kwa ajili ya Allah. Wameishika nusu ya kwanza ya Hadithi na kuiacha ya pili, wakaingia majumbani mwa mama zao wakang'oa kila kilichoning'inia. Imamu An-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa Hadithi hii haiharamishi, bali kuvisha kuta ni makuruhu. Asiyekuwa na elimu asiifanye makuruhu kuwa haramu, na mwenye mapambo asiifanye makuruhu kuwa fahari ya mtaa.

Na waume wasijifiche nyuma ya wake zao. Tunapowasemesha hutwambia, "Ustadh, hayo ni mambo ya wanawake, wametushinda." Udhuru huu si mpya. Ibn Umar (r.a.) aliutoa siku ya harusi ya mwanawe Salim, pale Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alipokuta ukuta umevishwa nguo. Abu Ayyub hakuukubali. Aliapa kwamba hatakula chakula chao, akarudi zake. Sisi tunaalikwa kwenye nyumba ambazo mapazia yake yamenunuliwa kwa mkopo wa riba, tunakula pilau, tunasifu rangi.

Lililotutia uchungu hasa ni hili. Katika msikiti mmoja wa wilaya hizi, upande wa kina mama umetengwa kwa shuka iliyochanika katikati, na dirisha lao halina kitu, basi hujikunyata pembeni wakati wa darsa ili wasionekane na wapitao. Tumezitembelea nyumba za jirani zake: sebule moja ina mapazia ya tabaka tatu. Wenye nyumba hizo ni wema, hutoa sadaka, husali jamaa. Hawajapata tu kuuangalia msikiti wao kwa jicho wanalouangalia ukumbi wao.

Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alifika kwa binti yake Fatima (r.a.), akakuta mlangoni pazia lenye nakshi, akaondoka bila kuingia. Fatima aliposikia sababu, hakubishana. Aliuliza tu anaamrishwa nini. Akaambiwa alipeleke kwa watu wa nyumba fulani wenye haja nalo.

Basi kabla ya Iddi, mwenye kipande kilichozidi akilete msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Fundi cherehani amejitolea kushona bila malipo, na dirisha la kina mama limekwisha kupimwa.

Wabillahi tawfiiq.