Mauti ya Paka Si Kazi ya Gunia

Hapa Mombasa paka huwa jirani kabla hajawa mali ya mtu. Kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni na Mkanyageni, paka habishi hodi. Hulala barazani, hungoja vichwa vya samaki, na akizaa chini ya ngazi watoto wa nyumba ndio wakunga wake. Kuishi naye hakuna ubishi. Ubishi huanza siku anapougua asiweze hata kunywa maji, au anapogongwa na pikipiki akavunjika mgongo. Hapo wakubwa wa nyumba hutazamana, na swali huulizwa kwa sauti ya chini: je, tumuache afe mwenyewe, au tummalize?

Swali hilo linaulizwa kwingi duniani. Uingereza, kwa mfano, sheria haimkatazi mtu kumuua mnyama wake maadamu hakumtesa, ingawa wengi humwita daktari wa wanyama aje kumdunga sindano. Je, sisi wa pwani tuseme nini? Rai yetu ni hii: mwenye mnyama ana wajibu wa kumtafutia nafuu, lakini mkono wa kumuua usiwe wake.

Tuanze na dini, kwani wasomaji wetu wengi huanzia hapo. Sote tumesoma chuoni habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimuachie ajitafutie. Tumesoma pia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu, akamchotea maji kwa kiatu chake. Na katika Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) ameagiza wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na akataka kisu kinolewe na mnyama asiteswe.

Lakini je, kumuua mnyama ili kumpumzisha ni katika wema huo? Hapa wanavyuoni hawakukubaliana. Vitabu vya fiqhi ya Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, vimesema kuwa mnyama asiyeliwa haifai kumchinja, hata kama nia ni kumpumzisha. Mfano uliotolewa humo ni punda aliyelemaa kwa maradhi. Wamaliki nao wameruhusu kumchinja mnyama asiyeliwa akiwa amekatiwa tamaa kabisa. Na Wahanafi wamesema kuwa paka mwenye madhara asipigwe wala asisokotwe masikio, bali achinjwe kwa kisu kikali. Gazeti si mufti, na mwenye shaka amwendee shekhe wake. Ila tunaona jambo moja ambalo hakuna aliyelipinga: kumtesa kiumbe ni haramu, na aliyekataza kumuua hakuruhusu kumtupa.

Sasa tuutazame mwendo wetu wenyewe. Mara nyingi, tunapomuua mnyama nyumbani, hatumui kwa huruma. Tunamuua kwa sababu ananuka, anachafua ngazi, au mlio wake wa usiku unatukosesha usingizi. Huingizwa guniani akatupwa baharini, au huwekewa sumu ya panya katika kipande cha samaki, kisha sisi husema tumempumzisha. Tumejipumzisha sisi. Kuzama si kifo chepesi, kwani mnyama hupigania pumzi mpaka mwisho akiwa na fahamu zake. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na anayezila huweza kukaa siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani. Strikinini, iliyotumiwa miaka mingi sehemu nyingi za dunia kuua mbwa wasio na wenyewe, humkaza mnyama viungo vyote huku akijua kila kinachompata. Hata panadoli tunayomeza sisi kwa kuumwa na kichwa ni sumu kali kwa paka. Huiharibu damu yake isiweze kubeba hewa.

Daktari wa wanyama hafanyi hivyo. Humpa mnyama dawa ya jamii ya usingizi, kwa kipimo kikubwa. Mnyama hulala kwanza, kisha pumzi na moyo husimama akiwa hana habari. Dawa hiyo haiuzwi dukani kama sukari, na haifai kuuzwa hivyo. Tena mzoga wenye dawa hiyo huwa ni sumu kwa paka au kunguru atakayeula, kwa hiyo hautupwi jaani bali huzikwa chini sana au huchomwa.

Pengine msomaji atatuuliza: mbona mbuzi ninamchinja uani kwangu siku ya Idi, na hakuna anayenizuia? Kweli, lakini mbuzi ana hukumu yake, ana kisu chake, na ana mtu aliyefundishwa na babake namna ya kumlaza na kumkata. Kwa paka hatukurithi elimu hiyo. Aliyejifunza kuchinja kuku hajajifunza kumfisha paka.

Na liko jambo kubwa zaidi: nani aliyetuambia kuwa mnyama huyo hana tumaini? Paka aliyejaa upele hata hana manyoya, hutazamika kama maiti, naye hupona kwa dawa. Jipu linalonuka hupasuliwa, likasafishwa, likapona. Hata huyo Mmaliki aliyeruhusu ameshurutisha kukata tamaa, na kukata tamaa kunataka ujuzi. Asiyejua ugonjwa hawezi kujua kuwa hauna dawa. Basi safari ya kwanza kwa daktari haiwi ya kuua, huwa ya kuuliza. Ndugu zetu wa Lamu wana kituo cha kutibu punda tangu 1987, na punda ambao zamani wangeachwa ufukweni na vidonda vyao huoshwa, hufungwa na hurudi kazini.

Kwa mbwa kuna hatari nyingine. Mbwa akimuuma mtoto, watu wa mtaa hukimbilia rungu, kisha mzoga hutupwa. Hilo ni kosa la kugharimu roho ya mtu. Kwanza kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali upesi akachanjwe. Mbwa, akiwa anaonekana mzima na anaweza kufungiwa bila hatari, hutazamwa siku 10, na akibaki mzima, hakuwa na kichaa wakati alipouma. Akifa, au ikibidi auawe, wanaohusika na wanyama wapewe habari, kwani ubongo wake ndio unaopimwa. Anayempiga mbwa kichwani na kumtupa baharini ametupa ushahidi.

Tunajua jawabu la wengi: daktari ni ghali, na usiku wa manane hapatikani. Ni kweli, na hatutamlaumu mvuvi wa kipato kidogo kwa kukosa alichokosa. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia wanyama na ustawi wao, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kazi hiyo ni ya Kaunti ya Mombasa kama ilivyo ya taka na ya masoko. Mji wa Kale una nyumba zilizobanana zisizo na ua wa kuzikia hata ndege. Tunaitaka kaunti iweke siku maalumu za daktari wa wanyama huku mitaani, kwa bei ambayo mchukuzi ataimudu, aje hata nyumbani ili mnyama asiburutwe mjini akiwa hoi. Na iweke mahali pa kuzika. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani mwenye kumtesa mnyama. Ni haki basi serikali iliyoweka adhabu iweke na njia.

Hadi hapo, kuna ya kufanya kwa kila nyumba. Mnyama aliye taabani awekwe mahali pa giza na utulivu, juu ya kitambaa, watoto wasimchezee. Atiliwe maji karibu, ila asilazimishwe kumeza. Atafutwe daktari, na majirani wachangiane kama wachangianavyo kwa mambo mengine. Daktari akisema hakuna tumaini, mwenyewe ataamua pamoja na dini yake na moyo wake: ama sindano, ama kumuuguza mpaka siku yake ifike. Yote mawili yana gharama, na yote mawili yana utu.

Gunia halina gharama. Ndiyo maana hatuliamini.