Nani Alimwona Komba Mlevi?

Msemo "mlevi kama komba" nimeusikia tangu utotoni, na aibu yangu ni kwamba nimeufundisha. Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu huku mwambao. Siku moja mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliandika ubaoni: "Komba ni mnyama mharibifu. Chakula chake ni tembo." Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa, andalio la somo mkononi. Nikampa alama nzuri, kwa kuwa sauti yake ilisikika na mwandiko wake ulinyooka.

Leo nauliza: nani aliona? Watafiti waliomfuatilia usiku kule Gedi na Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980, walimkuta komba mkubwa akila matunda na wadudu, karibu nusu kwa nusu. Yule mdogo, ambaye wakati ule jina lake la kisayansi lilibeba jina la Zanzibar, hula wadudu zaidi. Jamaa zao wa nyikani hukwangua utomvu wa migunga kwa meno ya chini yaliyopangwa kama kitana. Sasa mnyama wa namna hiyo, ukimtundikia kibuyu cha maji matamu kileleni mwa mnazi, unategemea apite tu? Maji yale huchacha yenyewe humo humo kibuyuni. Aliyekitundika ni mgema, wanaokunywa hata wakalala njiani ni sisi, na jina la ulevi tumempa komba!

Sikatai kwamba hutuibia papai na ndizi. Lakini wadudu anaowala usiku kucha, nani anamhesabia? Wengine watanijibu kwamba hulia kama mtoto mchanga, basi ni mnyama wa wachawi. Hayo ni majibu ya watu wazima wenye vyeti, na vingine nilivitia sahihi mimi.

Nyuma ya bweni letu palikuwa na mwembe mkongwe wenye pango. Wanachuo walilalamikia kelele za usiku, nikaagiza ukatwe. Shina lilipolala, alitoka komba jike na kitoto mdomoni, akaduwaa juani, maana macho yale makubwa ni ya usiku.

"Mwoneni, bado hajalevuka!" alipiga kelele mmoja wao, na rungu likafuata.

Nilicheka pamoja nao.