Mti Ulio Jirani na Bustani

Hutokea mama akapanda mchicha na kunde nyuma ya nyumba, akamwagilia asubuhi na jioni, na bado mbegu zisiote, au miche ikachipua kisha ikadumaa. Hapo lawama humwangukia muuza mbegu, na wakati mwingine husemwa kuwa ni jicho la jirani. Kabla ya kumdhania mtu ubaya, na tuutazame mti uliosimama karibu.

Iko miti ambayo hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine isiote au isikue. Mvua huziosha kutoka majanini na kuzishusha ardhini. Mizizi nayo hutoa zake, na majani makavu huziachilia yanapooza. Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea wa Austria, Hans Molisch, aliipa hali hii jina la alelopathi. Miche michanga ndiyo huathirika zaidi.

Hapa Pwani tunao mkalitusi, ambao mafuta yake tunayajua kwa harufu yake kali, na mvinje, tunaoupanda kwa ajili ya nguzo za kujengea. Kule Tana River upo mathenge. Chini ya miti hii aghalabu ardhi hubaki tupu. Hata hivyo, si kila dhara ni la kemikali. Kivuli na mizizi inayonyonya maji pia huikosesha mboga haki yake.

Ukitaka kuhakikisha, chukua makopo mawili yenye udongo mmoja, upande mbegu sawa za kunde. Loweka majani ya mti huo siku nzima, uyachuje. Kopo moja limwagilie maji hayo, la pili maji matupu, kwa kipimo kimoja. Watoto wahesabu zilizoota, watajifunza mengi.

Ikibainika kuwa majani yana athari, usiyatandaze mabichi bustanini. Yafanye biwi, yaoze kabisa kwa miezi kadhaa yawe mboji. Mboga zihamishe mbali na mti, au uzipande kwenye madebe yenye udongo wa kwingine.

Na anayekusudia kupanda mivinje mpakani, kwanza na ashauriane na mwenziwe wa upande wa pili. Ua lina mpaka, lakini mizizi na majani ya mti havina, na bustani ya jirani huenda ndiyo kitoweo cha wanawe.