Uzoefu Hauokotwi Njiani

Ndugu msomaji, simama siku moja mbele ya ubao wa matangazo ya kazi, uwe Katesh, Babati au Arusha, usome yaliyobandikwa pale. Aghalabu utakuta sharti lile lile: mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana akilisoma sharti hilo huikunja bahasha yake na kurudi nyumbani. Mimi huuliza swali moja, na hadi leo sijampata mwajiri wa kunijibu: uzoefu huo utatoka wapi, ikiwa kila mwajiri anataka uwe umekwisha kupatikana kwa mwajiri mwingine?

Nauliza kwa sababu naishi Masakta na nawaona vijana wetu. Hapa tunaishi Wairaqw na Wabarabaig, wakulima na wafugaji. Zamani kijana hakuwa na haja ya kuomba kazi. Alirithi ng'ombe, akakata shamba lake, akaoa. Siku hizi shamba la babu limegawanywa kwa wana, na fungu la mwana limegawanywa tena kwa wajukuu, hata imebaki michirizi ya ardhi isiyoweza kulisha nyumba. Malisho nayo yamepungua. Basi kijana hana budi kutafuta ujira. Wa kiume hukimbilia kuendesha pikipiki ya watu. Wa kike hupelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani kwa mshahara ambao mara nyingi haumfikii mkononi mwake. Hawa wakiambiwa walete uzoefu, ni sawa na kumwambia mtu mwenye kiu alete kwanza maji.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema, ingawa ni nzito kwa wengi kuikubali. Mafunzo ya mahali pa kazi ndiyo njia ya hakika ya kumtoa kijana maskini katika kifungo hiki, na mwajiri anayeyatoa hatoi sadaka. Anafanya biashara, tena biashara yenye faida. Kwa kuwa ni biashara, kila upande una haki yake, na haki ya kijana haiwezi kuwa shukrani peke yake.

Nianze na faida ya mwajiri, maana ndiyo inayofichwa. Mwanagenzi anapoingia karakana siku ya kwanza, ni kweli hajui kitu. Lakini hakai akitazama. Anafagia, anaosha vipuri, anashika taa, anakimbia dukani kufuata nati. Baada ya miezi michache anafungua gurudumu, anabadilisha oili, anapiga brashi chuma kabla ya kuchomelewa. Kazi hizo zote mteja anazilipia. Uswisi, ambako waajiri wamezoea kupokea wanagenzi kwa maelfu, watafiti wamepiga hesabu za gharama na mapato, wakaona kwamba waajiri walio wengi hurudishiwa gharama zao kwa kazi ya mwanagenzi mwenyewe kabla hajamaliza mafunzo. Ikiwa hesabu inatoka huko ambako mwanagenzi analipwa posho ya maana, itashindwaje kutoka hapa kwetu?

Tena iko faida isiyoandikwa katika daftari. Mwajiri anayemwajiri mtu mgeni kwa kusoma vyeti ananunua mbuzi ndani ya gunia. Aliyemlea mwanagenzi kwa miaka miwili anamjua: anawahi au anachelewa, ni mwaminifu au ni mdokozi, ana mkono mwepesi au mzito. Fauka ya hayo, kijana huyo amekwisha kuzijua mashine za pale na wateja wa pale.

Sasa tutazame wakati ambapo jambo hili lilifanyika kwa mpango katika nchi yetu. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974 ilijenga utaratibu ambao kijana alianza chuoni kwa mafunzo ya msingi, kisha akaenda kiwandani kuendelea kujifunza kazi huku akifanya kazi. Alipimwa kwa gredi, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza. Wazee wetu wengi walioitwa mafundi walipita njia hiyo. Utaratibu ule ulitegemea viwanda na mashirika ya umma. Viwanda vilipodhoofika katika miaka ya 1980, na vingi vikafungwa au kuuzwa katika miaka ya 1990, chuo kilibaki lakini mahali pa kujifunzia kazi pakawa pamekwenda. Tangu hapo tumekuwa tukitoa vijana wenye vyeti wasioijua karakana, na karakana zimejaa vijana wanaoijua kazi wasio na vyeti.

Sisi wa Hanang tunayo historia yetu wenyewe, nayo inauma. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali kwa msaada wa Canada iliendesha mashamba makubwa ya ngano jirani na hapa, chini ya shirika la NAFCO. Yalikuwa mashamba saba, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla Wabarabaig walipoteza kiasi cha ekari 100,000 za malisho yao bora. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa.

Habari ya ardhi imeandikwa na wengi. Mimi natazama upande mwingine wa habari hiyo, yaani upande wa ujuzi. Mashamba yale yalikuja na matrekta makubwa, kombaini za kuvunia na karakana za kuyatunza. Mitambo hiyo haikuweza kwenda bila watu waliofundishwa, na watu walifundishwa kweli. Wako Watanzania waliopelekwa Canada kusoma, na wako waliofundishwa papo hapo, wakawa madereva wa mitambo na mafundi. Hata leo ukikutana na fundi mzee wa trekta katika wilaya hizi, usishangae akikwambia kwamba mkono wake ulifunguliwa kwenye mashamba ya ngano. Kwa hiyo ushahidi upo, tena mlangoni petu, kwamba mtu anaweza kujifunzia kazini akawa fundi hodari, na shamba likapata ngano yake.

Lakini ni nani waliofundishwa? Wabarabaig wenyewe, ambao malisho yao ndiyo yaliyolimwa, walioajiriwa walikuwa wachache mno. Ilisemekana kwamba hawakusoma, hawajui Kiswahili vizuri, hawakuzoea kazi za saa. Yote hayo huenda yalikuwa kweli, na yote ni sababu ya kumfundisha mtu. Yaligeuzwa kuwa sababu ya kumwacha. Kijana mwenye kuweza kumtibu ndama na kumtambua kila ng'ombe katika kundi la mia hawezi kushindwa kujifunza kupaka grisi na kukaza mkanda wa mashine. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia, "Njoo hapa, shika hii, nitazame ninavyofanya." Wakanada walipoondoka, mashamba yakazorota, baadaye mengine yakapewa wawekezaji na mengine yakarudishwa vijijini. Jirani ambaye angeweza kubaki na ujuzi, maana yeye hana pa kuondoka, alibaki hana ardhi ya kutosha na hana ufundi.

Najua waajiri watanijibu nini. Watasema kwanza kwamba tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Tozo hiyo ilikuja na sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA. Ilipata kufika asilimia 6 ya mishahara, ikapunguzwa kidogo kidogo, na mwaka 2023 ikashushwa hadi asilimia 3.5. Sehemu kubwa ya fedha hizo, theluthi mbili kwa utaratibu uliozoeleka, haikuwa ikienda kwenye ufundi stadi. Mwajiri akilalamika kwamba anachangia kisima asichokunywa, ana haki ya kusikilizwa. Ila apeleke malalamiko yake Dodoma. Asimlipishe kijana wa Masakta kosa la Hazina.

Watasema pili kwamba ukimfundisha kijana, ataondoka aende kwa jirani anayelipa zaidi. Naam, wengine huondoka. Lakini mwajiri anayesema hivyo mwenyewe anatafuta watu wenye uzoefu wa miaka mitatu, maana yake anangoja kumchukua aliyefundishwa na mwingine. Wote wakingoja, hakuna atakayepanda, na siku ya mavuno wote watagombania shamba tupu. Fundi mwenye busara anajua dawa ya kumzuia kijana asiondoke: amlipe vizuri, amheshimu, na ampandishe kadiri anavyopanda katika kazi.

Sasa niwageukie mafundi na matajiri wa upande wa pili, wale wanaopokea wanagenzi kwa furaha kupita kiasi. Nimeshuhudia mzazi akiuza mbuzi ili alipe ada ya kumpeleka mwanawe kujifunza gereji. Kijana akakaa miaka minne. Mwaka wa kwanza alifagia, na mwaka wa nne bado aliitwa dogo, bado alifuata chai. Mteja alilipa, fundi alipokea, kijana alipata nauli siku fundi alipofurahi. Akiuliza, anaambiwa mvumilivu hula mbivu. Methali hii ni nzuri, lakini nimechoka kuisikia mdomoni mwa mtu ambaye ndiye anayezila hizo mbivu. Mafunzo yasiyo na mwisho ni utumwa uliovishwa joho la shule.

Ndiyo maana nasema ziwepo alama tatu, na pasipo alama hizo tusiite jambo hilo mafunzo. Kwanza, mapatano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yakishuhudiwa na mtendaji wa kijiji: kijana atajifunza nini, kwa muda gani, na nani atamfundisha. Pili, posho inayotosha chakula na nauli, inayopanda kadiri ujuzi unavyopanda. Kijana wa tajiri anaweza kufanya kazi bure mwaka mzima kwa sababu baba yake anamlisha. Kijana wa maskini hawezi, kwa hiyo mafunzo ya bure humchuja yule yule tunayesema tunataka kumsaidia. Tatu, cheti. Ujuzi usio na karatasi unaishia mlangoni pa karakana uliyojifunzia.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ndoto. Ujerumani, mwanagenzi hugawa juma lake kati ya kiwanda na shule kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, ana mkataba, analipwa, na mwisho wake ni mtihani. Hapa kwetu, tangu mwaka wa fedha 2016/17 serikali imekuwa na programu ya taifa ya kukuza ujuzi, ambayo ndani yake mna uanagenzi, mafunzo ya utarajali kwa wahitimu, na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Mtu aliyejifunza kuchomelea chini ya mwembe anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti. Njia imekwisha kuchongwa. Tatizo ni kwamba barabara hiyo inafika mjini, halafu inakuwa kichochoro, halafu inapotea kabla ya kufika Masakta.

Iko pia sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Jibu la kawaida ni kwamba hawapatikani wenye ujuzi. Na mabinti je? Ni gereji ngapi zinazompokea msichana anayetaka kufungua injini? Hawa wote wanarudishwa kwa neno lile lile, uzoefu, nao wote mlango wao ni ule ule mmoja: wapokelewe kwanza, wafundishwe humo humo kazini.

Kwa wazazi wenzangu nina neno moja. Tuache kuamini kwamba kazi ya mikono ni ya mtoto aliyeshindwa. Anayeirudisha kombaini shambani siku mvua inapotishia kuharibu ngano ni fundi. Tumpeleke kijana kwa fundi tukiwa na masharti mkononi, kama tunavyofanya tunapopanga mahari, ambapo hakuna anayeona haya kuuliza idadi.

Na kwako mwajiri, uwe na shamba Basotu, hoteli Babati au karakana Katesh: unapoandika tangazo lako lijalo, futa mstari ule wa miaka mitatu. Andika badala yake kwamba unahitaji vijana wawili wenye nia, mmoja wao binti, wa kutoka vijiji vinavyokuzunguka, na kwamba utawafundisha kwa mapatano. Ukifanya hivyo usitegemee tukushukuru sana, maana faida yako utaiona mwenyewe mwisho wa mwaka. Usipofanya, basi usisimame tena kwenye mkutano kulalamika kwamba nchi hii haina mafundi.