Spika za Pesa za Mahari, Bila ya Kuzisikia?

Bibi harusi, mahari ni yako, nunua ukipendacho. Lakini kuagiza spika za mamilioni kutoka Dubai kwa kutazama picha tu, mie siafiki. Aliyezisifu kazisikia chumbani kwake, penye zulia na mapazia mazito. Wewe unahamia nyumba ya vigae na kuta tupu; sauti itagonga ukuta irudi, hata Qur'ani isikike kama inasomwa pangoni.

Kama huna budi, tazama namba: spika ya desibeli 86 inataka amplifaya itoe nguvu maradufu ili ifikie sauti ya spika ya 89. Na muuzaji aandike: nisipoipenda, gharama ya kuirudisha ni ya nani? Akibabaika, anza na zulia na mapazia. Hata kaspika ulikonako katasikika vizuri zaidi.