Tasnifu Haikuandikwa Ili Ikae Kabatini

Nakala moja ya tasnifu, yenye jalada gumu na herufi za dhahabu, ikifungiwa kabatini, utafiti haujahifadhiwa; umefichwa. Msimamo wangu ni kwamba tasnifu iwekwe hadharani mtandaoni, nami siulegezi. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Pemba kukusanya msamiati wa wavuvi hupewa na wazee wa huko muda wao na elimu yao bila malipo. Mara nyingi masomo yake yamegharamiwa na kodi ya wananchi, na msimamizi wake hulipwa kwa kodi hiyohiyo. Mahafali yakipita, kitabu huingia kabatini, na mwalimu wa Kigoma anayekihitaji hana budi kupanda basi. Mzee aliyetoa maneno yake ndiye wa mwisho kuyaona, kama atayaona. Na jambo hili si geni: chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, kiliwataka wahitimu wake wawasilishe tasnifu za kielektroni tangu mwaka 1997. DSpace, programu ya kuhifadhi kazi kama hizi, ilitolewa bure mwaka 2002, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinaitumia. Kinachogharimu ni seva, umeme na mkutubi aliyefunzwa, na gharama hizo chuo kinachotoa shahada za uzamivu kinapaswa kuzibeba.

Wanaopinga husema kazi ikiwekwa wazi itaibwa. Mimi naona kinyume: sura iliyonakiliwa kutoka tasnifu iliyofungiwa nani ataitambua? Ikiwa mtandaoni, na jina la mwandishi na tarehe yake, mwenyewe ana ushahidi mkononi. Hoja nzito zaidi ni ya siri za waliohojiwa, hasa katika tafiti za UKIMWI au migogoro ya ardhi. Hao wana haki ya kulindwa: majina yafichwe, na sehemu nyeti icheleweshwe kwa muda unaotajwa. Lakini kurasa chache nyeti zisiwe sababu ya kufungia kitabu kizima.

Wengine husema mtandao nao hufa. Ni kweli. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma yake ya tasnifu, EThOS, ikazimika. Tasnifu zilizokuwa pia katika hifadhi za vyuo vyenyewe ziliendelea kusomeka. Karatasi nayo huungua: Aprili 2021 moto uliotoka Table Mountain uliteketeza sehemu kubwa ya vitabu vya Mafunzo ya Afrika katika Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Usalama uko katika nakala nyingi, mahali pengi.

Seneti za vyuo vikuu zinaweza kuliamua hili katika kikao kimoja: asivae joho ambaye nakala yake haijapokelewa maktabani, na maktaba nayo ipewe siku 30 za kuiweka hadharani.